GPS ya Lori Inapopotea: Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Mwingiliano wa Mawimbi

UTANGULIZI

Lori la transiti linalotoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hutazamwa na macho mawili. Jicho la kwanza ni la mwenye gari, aliyefunga kifaa cha GPS ili ajue gari lake liko wapi. Jicho la pili ni la forodha, kwa njia ya sili ya kielektroniki inayofungwa kwenye mlango wa kontena. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya transiti mwaka 2017, na Tanzania inao mfumo wake chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kifaa kikinyamaza, skrini ya ofisa haionyeshi sababu. Inaonyesha tu kwamba lori halionekani, na lori lisiloonekana hushukiwa kuwa limeshusha mzigo njiani. Gari husimamishwa, mzigo huchelewa, dhamana ya forodha hubaki imeshikiliwa, na dereva ndiye wa kwanza kuulizwa. Huenda chanzo chote ni chaja ya bei nafuu iliyochomekwa karibu na antena.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutambua kwa utaratibu ni nini kinachovuruga GPS ya lori, bila vifaa vya gharama kubwa. Imeandikwa kwa ajili ya wenye magari, mameneja wa usafirishaji, madereva na mafundi umeme wa magari.

KWA NINI GPS HUVURUGIKA KIRAHISI

Setilaiti za GPS zinazofanya kazi ni takriban 30, nazo huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kifaa kwenye lori hakitumi kitu chochote kwenda angani. Kinapokea tu mawimbi, kinapima muda yaliyotumia kufika, kisha kinapiga hesabu ya mahali kilipo. Ili hesabu hiyo ikamilike, kinahitaji kusikia setilaiti zisizopungua 4.

Mawimbi yanayotumiwa na vifaa vingi vya magari yako kwenye masafa ya megahezi 1575.42. Yanapofika ardhini huwa dhaifu mno, dhaifu hata kuliko kelele ya kawaida ya umeme iliyomo ndani ya kipokezi chenyewe. Kipokezi huyatambua kwa sababu kinajua mpangilio wake. Ni sawa na kumsikia mtu akinong'ona upande wa pili wa soko siku ya gulio: utamwelewa kwa sababu unaijua sauti yake, lakini mtu mwingine akipiga debe karibu na sikio lako, basi tena.

Kwa hiyo chombo kinachovuruga GPS si lazima kiwe na nguvu. Kinachohitajika ni kiwe karibu. Kelele ndogo iliyo sentimita 20 kutoka kwenye antena inaweza kuleta madhara kuliko mtambo mkubwa ulio mbali. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya kelele hushuka hadi robo hivi. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo msingi wa matengenezo mengi yaliyoelezwa hapa chini.

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA KUWA NI GPS KWELI

Mafundi wengi hubadilisha antena ya GPS wakati ugonjwa uko kwingine. Kifaa cha kufuatilia gari kina sehemu tatu zinazoweza kuharibika kila moja kivyake: umeme, mtandao wa simu na GPS. Omba kampuni inayotoa huduma ikupe kumbukumbu ghafi za siku husika, kisha angalia yafuatayo.

1. Mtandao wa simu ulikatika. Kumbukumbu zilichelewa, lakini baadaye zilifika kwa mkupuo zikiwa na mahali na saa sahihi za njia yote. GPS haikuwa na tatizo. Hali hii hutokea sana mipakani, pale laini iliyo ndani ya kifaa inapotakiwa kuhamia mtandao wa nchi nyingine. Lori likinyamaza baada ya kuvuka Tunduma kuingia Nakonde, au Malaba kuingia Uganda, uliza kwanza kama laini imefunguliwa kutumika nje ya nchi.

2. Umeme ulikatika. Hakuna kumbukumbu yoyote ya kipindi hicho, hata baadaye. Vifaa vingi hutuma taarifa ya kukatwa kwa umeme kabla ya kuzimika, hivyo itafute. Angalia fyuzi, waya wa ethi uliolegea, na kwa upande wa sili, chaji ya betri yake.

3. GPS ilipotea. Kumbukumbu zinafika kwa wakati wake, saa baada ya saa, lakini mahali hapaonekani, idadi ya setilaiti ni 0 hadi 3, au gari linaonekana limesimama sehemu moja ilhali linatembea. Hapa ndipo makala hii inapohusika.

4. GPS na mtandao vilipotea pamoja kwa dakika ileile, mahali penye mtandao mzuri, huku umeme ukiwapo. Hali hii inahitaji uangalifu wa pekee. Tazama sehemu ya vifaa vya kuvuruga mawimbi.

Angalia pia tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1024, yaani karibu miaka 20, kisha huanza upya. Hesabu hiyo ilirudi mwanzo tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani vikaanza kuonyesha tarehe za miaka mingi nyuma. Kifaa kinachoonyesha mahali sahihi lakini tarehe ya zamani hakina mwingiliano wa mawimbi. Kinahitaji programu mpya au kubadilishwa.

HATUA YA PILI: MASWALI MATANO KABLA YA KUFUNGUA KITU

Majibu ya maswali haya hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Yaandike kwenye karatasi.

Je, ni lori moja au mengi? Kama lori moja tu limepotea na mengine yaliyokuwa nalo barabarani yalionekana, chanzo kiko kwenye lori hilo. Kama yote yalipotea pamoja, chanzo kiko nje.

Je, ni mahali pamoja au popote? Tatizo linalorudi kila safari mahali palepale linatokana na mahali hapo. Tatizo linalolifuata lori kila liendako limo ndani ya lori.

Je, ni saa gani? Tatizo la usiku tu, la mchana tu, au la gari likiwa limewashwa tu, kila moja lina maana yake.

Je, lilianza lini, na wiki hiyo kilifungwa nini kipya? Swali hili ndilo linalotoa majibu ya haraka kuliko yote. Muulize dereva kwa upole, bila kumtisha. Dereva anayeogopa kutozwa faini hatasema kwamba alinunua kamera njiani.

Je, setilaiti zilipungua zote pamoja au za upande mmoja? Kama ni za upande mmoja, kuna kitu kimeziba anga. Kama zote zimedhoofika kwa mara moja, kuna kelele.

VYANZO VYA KAWAIDA

A. Anga kuzibwa

Huu si mwingiliano wa mawimbi, lakini dalili zake hufanana, kwa hiyo uondoe kwanza. Mawimbi ya GPS hayapiti kwenye chuma. Antena iliyofichwa chini ya bati la kabini, kioo chenye tinti ya metali, au sahani ya chuma iliyowekwa juu ya kifaa ili "kisiibiwe", vyote huziba.

Sili ya mlangoni nayo ina udhaifu wake. Malori yakiegeshwa nyuma kwa nyuma usiku ili wezi wasifungue milango, sili hubanwa katikati ya kuta mbili za chuma na kubakiwa na ukanda mwembamba wa anga. Ni njia nzuri ya kulinda mzigo, lakini inaweza kuipofusha sili hadi asubuhi. Paa la kituo cha mafuta, banda la ukaguzi na kuta za miamba kwenye barabara za milimani kama Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, huleta hali hiyohiyo kwa muda mfupi.

B. Vyombo vya umeme ndani ya lori

Chaja za simu. Chaja ya gari hushusha umeme wa volti 24 au 12 hadi volti 5 kwa kuukata na kuuwasha mara maelfu kwa sekunde. Chaja nzuri ina vichujio vya kuzuia kelele hiyo isitoke. Nyingi za bei ya chini hazina.

Kamera za dashibodi. Kamera ina chipu inayoshughulikia picha kwa kasi kubwa, na kelele yake hutoka kupitia waya wake mrefu unaopita juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo mafundi hupenda kubandika antena ya GPS. Warushaji wa droni zenye kamera wanaijua vizuri shida hii: kamera ikiwashwa, idadi ya setilaiti hushuka; ikizimwa, hupanda. Kwenye lori ni hivyohivyo.

Taa za LED na inveta. Taa za ziada za LED zina saketi ya kukata umeme kama chaja. Inveta ya kuendeshea friji au televisheni kwenye kabini ni hivyohivyo, tena kwa nguvu kubwa zaidi.

Antena za televisheni zenye kikuza mawimbi. Msidharau chombo hiki. Mwaka 2001, katika bandari ya Moss Landing, California, nchini Marekani, vyombo vya majini vilikosa GPS. Watafiti walipotafuta kwa antena za kuelekezea, walikuta mawimbi yanatoka kwenye antena za televisheni zenye vikuza mawimbi zilizofungwa kwenye boti. Vikuza hivyo vilikuwa vibovu kwa ndani, na badala ya kukuza tu vilikuwa vinarusha mawimbi kwenye masafa ya GPS. Wenye boti hawakuwa na habari.

Redio za mawasiliano. Redio inayotuma karibu na megahezi 157.5 huweza kutoa wimbi dogo la pembeni mara 10 ya masafa hayo, yaani 1575. Kama GPS hupotea kila dereva anapobonyeza kitufe cha kuongea, umeshapata jibu.

Kifaa cha pili cha kufuatilia. Mwenye gari ana chake, benki iliyokopesha imefunga chake, na mwenye mzigo ameongeza chake. Vikifungwa pamoja mahali pamoja, moduli ya simu ya kimoja hulemea antena ya GPS ya kingine kila inapotuma taarifa.

C. Anga lenyewe

Ukanda wetu wa Ikweta una tatizo ambalo wasafirishaji wa Ulaya hawalijui sana. Baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka, na mawimbi ya GPS yanayopita humo huyumba. Hali hii hutokea zaidi kati ya saa 2 usiku na saa 6 usiku, miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na hasa miaka ambayo jua linachangamka, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Mara nyingi lori huonekana limeruka mita kadhaa pembeni au hupotea kwa muda mfupi, kisha hurudi. Alama kuu ni kwamba malori mengi huathirika usiku huohuo, hata yale yaliyo mbalimbali.

D. Vyanzo vya nje na vya makusudi

Mwaka 2024 taarifa za Umoja wa Mataifa zilieleza kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hali iliyoathiri safari za ndege. Juni 2025, wakati wa vita kati ya Israel na Iran, meli nyingi karibu na Mlango wa Hormuz zilionekana kwenye ramani zikiwa mahali ambapo hazikuwapo, nyingine hata nchi kavu. Mizigo ya Dubai inayokuja Mombasa na Dar es Salaam hupita humo, hivyo mfanyabiashara akiona meli yake "iko jangwani" asikimbilie kudhani ameibiwa.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kuvuruga ni kupiga kelele ili kifaa kisisikie kitu, na matokeo yake ni kukosa mahali. Kudanganya ni kutuma mawimbi ya uongo yanayofanana na ya setilaiti, na matokeo yake ni kifaa kuonyesha kwa uhakika mahali pasipo sahihi. Lori likionekana limeruka kilomita 100 kwa dakika moja huku setilaiti zikiwa nyingi, usitafute chaja.

KIPIMO CHA SIMU, HATUA KWA HATUA

Kipimo hiki kinahitaji simu ya Android yenye programu ya kuonyesha setilaiti, kama GPSTest. Programu hizi huonyesha kila setilaiti na namba ya nguvu ya mawimbi yake. Chini ya anga wazi, setilaiti zenye nguvu huonyesha namba kati ya 35 na 45 hivi. Chini ya 20 hazina msaada mkubwa. Kila namba inaposhuka kwa 3 kwa sababu ya kelele, maana yake kelele imeongezeka takriban mara mbili.

Tahadhari: usitumie ramani ya kawaida ya simu kwa kipimo hiki. Simu hukisia mahali ilipo kwa kutumia minara ya mtandao na Wi-Fi pia, kwa hiyo alama ya ramani huweza kuwa sahihi hata GPS ikiwa imezibwa kabisa. Tazama namba za setilaiti tu.

1. Egesha lori mahali pa wazi, mbali na majengo, miti mikubwa na malori mengine. Zima injini na chomoa kila kitu kwenye kabini.

2. Simama hatua 30 kutoka kwenye lori. Subiri dakika 3. Andika idadi ya setilaiti na namba za zile 4 zenye nguvu zaidi. Hiki ndicho kipimo cha kulinganisha.

3. Ingia kwenye kabini, weka simu karibu na antena ya GPS ya gari, subiri dakika 2, andika. Namba zitashuka kidogo kwa sababu ya paa. Zikishuka sana ilhali kila kitu kimezimwa, shuku tinti, bati au kifaa kilichofichwa chenye betri yake.

4. Washa switchi bila kuwasha injini. Andika. Kisha washa injini. Andika. Zikishuka hapa, mwite fundi aangalie alteneta na waya za ethi.

5. Washa chombo kimoja kimoja: chaja, kamera, taa za ziada, redio, inveta, televisheni. Kila kimoja kipe dakika 2, andika, kisha kizime kabla ya kuwasha kinachofuata.

6. Ukipata chombo kinachoshusha namba za setilaiti zote, kizime uone kama zinapanda. Kiwashe tena. Rudia mara 3. Kikishusha mara zote 3, huyo ndiye mwizi wako. Kikishusha mara moja tu, huna ushahidi bado.

7. Mwisho, washa vyote kwa pamoja. Wakati mwingine vyombo viwili visivyo na madhara kila kimoja kivyake huleta madhara vikiwa pamoja.

Kazi yote huchukua chini ya saa moja. Fanya pia kwenye lori lisilo na tatizo ili uwe na kipimo cha kulinganisha.

MFANO WA KUTAFAKARI

Tuchukue mfano wa lori linalokwenda Kampala. Mchana linaonekana vizuri. Kila siku kuanzia saa 1 jioni linapotea, na alfajiri linarudi. Meneja anashuku dereva anafanya biashara usiku. Fundi aliyesoma kidogo anasema ni anga la Ikweta.

Tumia maswali matano. Malori mengine matatu ya kampuni yaliyo njia hiyohiyo yanaonekana usiku kucha, kwa hiyo si anga. Linapotea popote liendako, kwa hiyo si mahali. Anga la Ikweta hutulia baada ya saa 6 usiku, lakini lori hili hukaa gizani mpaka alfajiri, kwa hiyo tena si anga. Lilianza wiki mbili zilizopita. Nini kilifungwa? Taa mbili za LED juu ya kabini, na antena ya GPS iko kati yake. Saa 1 jioni ni saa ya kuwasha taa. Kipimo cha simu kikithibitisha, dereva amesafishika, na meneja amenusurika kumfukuza mtu asiye na kosa.

JINSI YA KUREKEBISHA

Anza na yasiyo na gharama.

Ongeza umbali. Hamisha antena au chombo chenye kelele. Mita moja huweza kutosha. Waya wa umeme wa kamera usipitishwe sambamba na waya wa antena. Ikibidi vikutane, vipishane kama msalaba.

Badilisha chombo. Chaja nzuri ni rahisi kuliko siku moja ya lori kusimama.

Weka kipete cha feraiti kwenye waya wa chombo chenye kelele, karibu kabisa na chombo chenyewe. Zungusha waya ndani yake mara mbili au tatu kama unene unaruhusu.

Rekebisha ethi. Safisha kutu, kaza, na hakikisha kifaa kina ethi yake ya moja kwa moja.

Weka antena mahali panapoona anga, ikiangalia juu. Antena iliyopinduliwa ni kosa la kawaida la mafundi.

Unaponunua kifaa kipya, chagua kinachopokea pia GLONASS, Galileo na BeiDou. Setilaiti zaidi husaidia sana pale anga linapozibwa nusu. Hata hivyo, masafa ya mifumo hiyo yako karibu na ya GPS, kwa hiyo kelele pana itaviziba vyote.

Kwa upande wa sili ya forodha, usifungue, usihamishe, wala usiifunike kwa lengo la "kuilinda". Kuchezea sili ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Rekebisha vitu vyako vinavyoizunguka, na sili yenyewe waachie wenyewe.

VIFAA VYA KUVURUGA MAWIMBI NA SHERIA

Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara vinavyouzwa kwa kazi moja tu: kumficha dereva asionekane. Baadhi huziba GPS pekee, vingine huziba na mtandao wa simu. Ndiyo maana GPS na mtandao vikipotea pamoja, na simu ya utingo nayo ikapoteza setilaiti, hilo ndilo jambo la kwanza kuchunguza.

Kifaa cha aina hii hakimfichi dereva peke yake. Agosti 2012, uwanja wa ndege wa Newark nchini Marekani ulipata mwingiliano kwenye mfumo wake wa GPS wa kusaidia ndege kutua. Wakaguzi waliufuata hadi kwenye pickup ya kampuni moja. Dereva alikuwa amechomeka kifaa ili mwajiri asijue aliko. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875, na kazi alikuwa ameshaipoteza.

Kwetu vifaa vya redio husimamiwa na mamlaka za mawasiliano: CA kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, UCC kwa Uganda na RURA kwa Rwanda. Kutumia kifaa kisichoidhinishwa ni kosa. Kwenye mzigo wa transiti kosa hilo huungana na shaka ya kukwepa ushuru, na mwenye gari huingia pamoja na dereva wake.

DEREVA AFANYE NINI NJIANI

Dereva akipigiwa simu kwamba haonekani, afanye haya:

1. Asimame mahali salama na pa wazi, panapotambulika: kituo cha mizani, kituo cha mafuta (nje ya paa) au kituo cha polisi. Asiache njia aliyopangiwa.

2. Aandike saa aliyopigiwa, mahali alipo na namba ya gari.

3. Azime na kuchomoa vyombo vyote vya kabini, kisha asubiri dakika 15. Kifaa kilichopoteza setilaiti kwa muda mrefu huweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupata orodha yake kamili.

4. Apige picha ya sili ikiwa imefungwa, namba yake ionekane, pamoja na kitu cha kutambulisha mahali.

5. Amjulishe mwajiri na wakala wa forodha, na wakala ajulishe kituo cha ufuatiliaji kabla hakijauliza. Taarifa inayotangulia swali huaminiwa zaidi.

6. Atunze risiti za mafuta na karatasi za mizani. GPS ikikosekana, hizo ndizo zinazosema lori lilikuwa wapi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, mvua na mawingu huzuia GPS? Hapana, kwa masafa haya athari yake ni ndogo sana. Msitu mnene hupunguza nguvu, lakini mawingu hayapaswi kulaumiwa.

Je, mnara wa simu unaweza kuvuruga? Si kawaida. Kama malori yote hupoteza GPS kila yanapopita mnara uleule, andika mahali na saa, kisha peleka taarifa kwenye mamlaka ya mawasiliano.

Kifaa kinafanya kazi kwenye gereji lakini kinapotea barabarani. Kwa nini? Gereji mara nyingi hupima injini ikiwa imezimwa na kamera haijachomekwa. Pima lori kama linavyotembea.

Lori la jirani kwenye foleni linaweza kuvuruga langu? Ndiyo, kama lina kifaa cha kuvuruga. Dalili yake ni kwamba tatizo huja na kuondoka na gari hilo. Sogea mita 100 upime tena.

KWA KIFUPI

Kwanza tenganisha GPS, mtandao na umeme. Pili uliza maswali matano. Tatu pima kwa simu, chombo kimoja kimoja, mara tatu. Andika kila kitu pamoja na saa. Karatasi hiyo ya vipimo iwekwe kwenye faili la gari na nakala yake abaki nayo dereva, kwa sababu siku atakaposimamishwa mpakani na kuambiwa kuwa alipotea kwa saa tano, hiyo ndiyo itakayomsemea.